Mudira na Funguo za Kitabu cha Wareno

Mtaani kwetu Ibra, huku Omani, kuna bibi mmoja aliyekuwa na uwezo wa kumfungia mtu wa São Paulo asiandike hata neno, kwa kidole kimoja, naye kakaa kwenye busati lake, miguu kainyoosha. Lakini paka wake mwenyewe hakumuweza. Paka akipanda juu ya kompyuta akalala, bibi anangoja. São Paulo nzima inangoja.

Sisi tunamwita Mudira. Ukoo wake nauacha, maana watu wetu ukishaanza mambo ya fulani bin fulani, kisa hakiishi mpaka adhana. Jua tu kwamba Kireno alikisomea Msumbiji, skuli, kama wengine wetu tulivyokuja huku na Kiswahili cha Unguja mdomoni, na kwamba hapa Ibra alipanga mafaili ya hospitali mpaka akastaafu. Alipostaafu, wanawe walimnunulia kompyuta awe anawaona wajukuu walioko Maskati. Wajukuu aliwaona siku mbili. Siku ya tatu akakiona Kitabu.

Wasomi wanakiita ensaiklopidia. Mie skuli niliitoroka darasa la tisa, kwa hivyo nakiita Kitabu, na nikikosea mtanisamehe. Kiko kwenye mtandao, chote kwa Kireno, kina habari za kila kitu toka mfalme mpaka mdudu, na hakina mwenyewe. Mtu yeyote anajiandikisha, anaingia, anaandika. Mtu mwengine yeyote anaingia, anakufutia ulichoandika. Siku ya mwanzo aliyonielezea nilicheka.

"Mama, hiki si kitabu. Hii harusi yetu. Kila mtu anatoa amri."

"Ndiyo maana kuna wasimamizi," akasema.

Wasimamizi hawaajiriwi. Waandishi wenyewe wanawachagua kwa kura, kisha wanawapa funguo, yaani uwezo wa kufuta ukurasa, kuufunga usiguswe, au kumfungia mleta fujo. Malipo hakuna, hata finjani ya kahawa. Na waliokupa funguo wanaweza kuzidai. Yeye alikuwa msimamizi miaka minane. Kwa Kiarabu ndiyo mudira, na mwalimu mkuu wa kike naye anaitwa hivyo hivyo, jina likamganda, mpaka leo kuna mzee wa mtaa wa pili anaamini bibi huyu ana skuli yake. Alishamletea vyeti vya mjukuu, akaomba nafasi. Mudira akavisoma vyote, akamwambia alama za hesabu hazilingani na jumla, akavirudisha.

Basi funguo hizo za miaka minane zilimtoka mkononi kwa sababu yangu. Nakwambia mapema usije ukanipenda bure. Na wallahi, kilichonifanya nimponze ni adabu njema.

Mie ni fundi wa AC. Naishi kwenye mulhaq, vile vyumba viwili nyuma ya nyumba yake, na ukuta wetu mmoja. Intaneti pia moja, yake. Neno la siri alinipa mwenyewe, kaliandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa kama naandikiwa dawa, nikalibandika kwenye friji langu. Alasiri nikitoka kazini nakwenda kwake kunywa chai na kukagua AC yake, ambayo haina kitu, ila naikagua. Hiyo ndiyo saa yake ya kazi, maana alasiri ya Ibra ndiyo asubuhi ya Brazil, na wakiamka tu wanaanza kugombana.

Neno lake kubwa lilikuwa "Chanzo?" Kwenye Kitabu huruhusiwi kusema kitu ila uoneshe umekipata wapi. Yeye ile sheria akaitoa kwenye kompyuta akaileta mpaka jikoni. Ukisema leo joto kuliko jana: chanzo? Akija jirani na habari kwamba binti wa fulani kachumbiwa Nizwa, Mudira anamkalisha vizuri, anamtilia chai, kisha anaanza.

"Umeona mwenyewe au umeambiwa?"

"Nimeambiwa, Mudira."

"Na nani? Na huyo aliyekwambia, hana maslaha yake humo?"

"Aliyeniambia ni shangazi wa bwana harusi!"

"Basi ana maslaha. Tafuta mwengine, uje tena."

Mwanzo wanawake walikasirika, wakapungua. Baadaye wakarudi wote, maana ikajulikana kwamba habari iliyotoka kwa Mudira ni habari ya kweli, na umbea wa kweli Ibra ulikuwa haujawahi kupatikana.

Yeye mwenyewe sasa. Mama huyu anayetaka chanzo cha joto, alikuwa anasema mbele za watu, bila haya, kwamba mandazi yake ni bora mkoa wetu mzima wa Sharqiya. Jamani. Yale mandazi ukimrushia mbuzi, mbuzi anakimbia. Asubuhi moja ya Idi nimekaa kwa adabu, nimeuma moja, jino la pembeni likaenda.

"Lilikuwa bovu zamani," akasema.

"Chanzo, mama?"

"Mimi."

Nyumba yake ilikuwa inaendeshwa kama Kitabu. Ijumaa moja wajukuu tisa wamekuja, suala likawa chakula. Wanane wakasema pizza. Mmoja, yule mdogo mwenye miwani, akasema samaki, kwa sababu wale samaki waliotoka Ashkhara walishatolewa kwenye friza toka asubuhi. Wakala samaki.

"Bibi, sisi wanane!" wakapiga kelele.

"Nyinyi wanane mmesema mnapenda. Huyu mmoja kasema wataharibika. Hapa hatuhesabu vichwa tu, tunapima na maneno yaliyotoka ndani ya vichwa."

Akanigeukia mie, akaniambia kwamba huko kwenye Kitabu mambo mengi yanaamuliwa vivyo hivyo. Wanakaa kwenye baraza yao ya mtandaoni, kila mtu anatoa sababu, mpaka wakubaliane au wachoke. Nikamuuliza kipi kinatangulia. Akasema mara nyingi kuchoka.

Kuna sheria nyengine, hii nilipenda sana. Mkigombania ukurasa, mmoja anaandika hivi, mwengine anarudisha vile, unaruhusiwa kurudisha mara tatu tu kwa siku. Ya nne unafungiwa, hata kama haki yako. Basi Mudira na wifi yake walikuwa na ugomvi wa chungu cha rihani. Wifi anakitaka mlangoni, Mudira anakitaka dirishani. Mmoja anakihamisha, mwenziwe anakirudisha. Nimekaa siku hiyo nahesabu. Mudira kafika mara ya tatu, kanawa mikono, kakaa.

"Endelea basi!" nikamchochea.

"Ya nne ni fujo. Tuzungumze."

Wakazungumza wiki nzima. Wakakubaliana. Chungu sasa kiko katikati ya njia, kila anayeingia anajikwaa, na wote wawili wanasema suluhu nzuri sana.

Kwa watu asiowajua alikuwa mpole mpaka unaudhika. Kanuni yao inasema mtu umdhanie mema kwanza. Mtoto wa watu huko Porto kaandika kwamba mama wa waziri fulani ni mbuzi. Mudira anamjibu: "Karibu sana, ndugu. Nimeona mchango wako. Huenda ulikosea ukurasa." Lakini mama huyo huyo mtie kwenye gari, mpeleke Sinaw sokoni, aguswe na gari ya mtu kwenye mzunguko wa barabara. Kioo chini, mkono nje: "Weye! Leseni umeipata kwenye pakiti ya chipsi?" Nikamwambia, mama, umdhanie mema. Akasema mema nimeyaacha nyumbani, yanachaji.

Haya, tuje kwenye aibu yangu.

Kulikuwa na ukurasa wa mpira. Timu mbili za Brazil, kila moja inadai ndiyo ya mwanzo kuchukua kikombe fulani. Mashabiki wanarudishana mpaka ukurasa unatoa moshi. Wasimamizi wengine wote wana timu zao, hawaingii. Mudira mpira haujui, aliwahi kuniuliza kwa nini wasipewe kila mmoja wake. Kwa hivyo yeye ndiye aliyeufunga ukurasa, akawaambia nendeni barazani mkaleteni vyanzo. Sasa ukurasa ukifungwa, unafungwa vile ulivyokutwa, na aliyekuta maneno ya mwenziwe ndiyo yamebaki juu anahisi kaonewa. Mmoja wao, mimi namwita Mpenda Mpira, akapeleka shauri. Anasema bibi huyu ana upendeleo, arudishe funguo. Ikawa kura, siku saba, mbele ya kila mtu, kila mtu na sababu zake.

Ile wiki Mudira alipungua. Chai haimalizi. Mie nna kazi mji wa Adam, AC tatu zinanisubiri, sikwenda. Nimekaa namwangalia anavyosoma. Nikamuuliza, "Wanasema nini, mama?" Akasema, "Wanasema wanachoona. Ndiyo haki yao." Nikasikia uchungu. Miaka yote hiyo anawapangia Kitabu chao kama alivyopanga mafaili, na leo hana hata mtu mmoja wa mtaani kwake wa kumsemea.

Basi nikarudi mulhaq, nikajiandikisha. Jina nikajipa Mfalme wa Ibra, usiniulize. Nikaifungua ile kura, nikasema kwenye simu kwa Kiswahili, simu ikageuza Kireno, nikabandika: "Nasema funguo abaki nazo. Huyu mama ni mtu mzuri. Mie nimekula kwake. Anayempinga hana adabu."

Nikalala raha mustarehe.

Weye msomaji unajua, kwetu sisi ukisema nimekula kwake, umemaliza. Hakuna ushahidi juu ya huo. Umeingia nyumba ya mtu, umekaa kwenye sahani yake, umemjua. Asubuhi yake kuna mtu wa Brazil kauliza chini ya maneno yangu, kwa heshima zote: alikulisha nini, na mlikubaliana nini?

Kura yangu haikuhesabiwa hata. Kupiga kura lazima uwe umeandika kwenye Kitabu mara mia kadhaa, tena kwa muda. Mie nina dakika kumi na mbili. Wangeifuta tu, khalas. Lakini Mpenda Mpira akashtuka: huyu Mfalme katoka wapi? Wanao watu wachache wanaoaminiwa kuangalia akaunti zinatokea wapi. Wakaangalia. Jibu likaja: Mfalme wa Ibra na Mudira wanatoka nyumba moja.

Wana neno lao kwa kitu hicho, ni kibaraka. Mtu anajitengenezea jina la pili, ajifanye watu wawili, ajipigie makofi. Kwenye Kitabu hakuna dhambi kubwa kama hiyo. Mwizi wanamsikiliza. Mwenye kibaraka wanamtoa.

Mudira akanigongea ukuta. Nikaenda. Kakaa kwenye busati, kompyuta mbele, mwanawe wa Maskati yumo kwenye simu, sauti imefunguliwa.

"Mfalme wa Ibra ni nani?" akaniuliza.

Nikaangalia AC. "Mama, Ibra hii ina watu wengi wenye..."

"Chanzo?"

Nikasema yote. Mwanawe akapiga kelele ndani ya simu: "Mama! Sema humjui. Sema mtu kakuibia intaneti, yalla, mambo yaishe!"

"Naam!" nikadakia. "Sema mie mwizi! Nakubali, mama, niandike mwizi!"

"Hukuiba. Neno la siri nilikuandikia mie, liko kwenye friji lako."

"Karatasi nakwenda kuila sasa hivi."

"Kaa chini."

Nikakaa. Akaandika, taratibu, huku ananisomea kwa Kiswahili ili nisiseme baadaye sikusikia. "Mtu huyu si mimi. Anaishi nyuma ya nyumba yangu, anatengeneza AC, Kireno hajui. Kula kwangu amekula, na leo atakula tena. Sikumtuma. Lakini intaneti ni yangu, na sheria zenu nilizijua mie, yeye hakuzijua, na sikumwambia. Nimewafungia wengi kwa sababu ndogo kuliko hii. Funguo nazirudisha."

"Mama, usizirudishe!" mwanawe akasema. "Kura wewe unashinda! Nimeiona hapa, unashinda!"

Kweli alikuwa anashinda. Yarabi, alikuwa anashinda, na angenikana kwa neno moja tu, nami nilikuwa tayari kukanwa. Akabonyeza. Kisha akamwinua paka akamweka mapajani, kitu ambacho sikuwahi kumuona akikifanya, maana paka yule hainuliwi.

Nililia. Chanzo ni paka.

Mie nikafungiwa na mtu wa Lisbon ambaye maishani hajaniona, bila mwisho, mpaka nitakapoomba. Nilitaka Mudira anifungie yeye angalau, iwe ya nyumbani. Akasema funguo hana tena, na hata angekuwa nazo, yeye na mie ni jirani, mkono wake haufai kuingia humo.

Kesho yake alasiri nimemkuta pale pale, anaandika. Nikamwambia, "Nilidhani umeacha." Akasema, "Funguo nimeacha. Kitabu kwani kimefanya nini?" Sasa akiona fujo lazima aombe msimamizi mwengine, kama ninavyoomba spea Maskati: unatuma, unangoja. Na mtaani akitangaza kwamba yeye si mudira tena, watu wanamjibu, "Sawa, Mudira."

Nikakaa miezi sita ya aibu, kisha nikaomba kufunguliwa. Nilimtaka anisaidie kuandika, akakataa, ana maslaha. Ila alikubali kunifundisha Kireno, maneno matatu kwa siku, tena nayatamka kama mtu aliyefungwa kamba. Ombi langu lote lilikuwa mistari mitatu: nimekosa, sikujua, nilidhani ni harusi. Sijui walielewa nini, wakanifungua, kwa sharti kwamba kwenye ukurasa wangu niseme wazi naishi wapi na intaneti ya nani.

Kuandika Kireno siwezi hivyo, lakini kupiga picha naweza, na kazi yangu inanipeleka kila mahala. Mitende ya Adam. Soko la mbuzi Sinaw. Samaki wanaoanikwa Ashkhara, masafa yale yote nimekwenda na gari, mwenye AC yake anasubiri anatoka jasho nami nipo ufukweni nachagua samaki mzuri wa uso. Mzee mmoja wa Sur akaniuliza, "Fundi, umekuja kutengeneza au kutembea?" Nikamwambia, "Naitumikia Brazil, ami."

Picha yangu ya mwanzo, mbuzi wa Sinaw, iliondolewa baada ya robo saa. Naangalia nani kaiondoa: Mudira. Jirani yangu, ukuta mmoja! Kaniachia ujumbe rasmi: "Karibu, ndugu. Picha nzuri, lakini ukurasa huu ni wa Nizwa." Kisha nikasikia ukuta: ko, ko, ko. "Chai ipo!"

Mwaka ukapita, na mwengine ukakaribia kwisha.

Ijumaa ya juzi nimekwenda alasiri kama kawaida. Nimeingia, nimejikwaa kwenye rihani, nimekaa. Nikamuona hakunyoosha miguu. Kuna jambo.

"Wamenipendekeza tena," akasema. "Nichukue funguo."

"Nani kakupendekeza?"

"Mpenda Mpira wako."

Akanigeuzia kompyuta. Kireno changu sasa kinafika, nikasoma mwenyewe. Mpenda Mpira kaandika kwamba karibu miaka miwili anatafuta msimamizi mwengine asiyejua mpira, hajampata. Chini yake watu wanasema ndiyo. Wengine wanasema hapana, na mmoja kauliza kama yule Mfalme bado anaishi pale.

Sasa mie nimeshaandika zile mara mia kadhaa na zaidi. Kura nnayo, ya halali, nimeitafuta kwa mbuzi na samaki. Nikamuangalia, naye ananiangalia.

"Sheria inasemaje, mama? Kwa mtu kama mie?"

"Umeshajitambulisha ukurasani kwako. Sheria haikukatazi."

"Na wewe?"

"Mie nna mandazi jikoni," akasema, akainuka, akaniacha na kompyuta yake. Mama huyu asiyemuachia mtu kompyuta hata kusoma hali ya hewa.

Nikatoka kwenye jina lake, nikaingia kwa jina langu. Nikaangalia ile nafasi ya ndiyo na ile ya hapana. Namsikia jikoni anagonga masufuria ambayo hayana haja ya kugongwa. Nikashuka mpaka chini kabisa, pale pa kusema tu, nikaandika kwa Kireno changu, bila simu: "Naishi nyuma ya nyumba yake, kwa hivyo sipigi kura. Angeweza kunikana, hakunikana. Mandazi yake ni magumu."

Akarudi na sahani. Akakaa, akavaa miwani, akasoma. Akarudia. Niliona kidole chake kinakwenda kwenye kompyuta, kinasimama hewani. Barazani maneno ya mtu hayaguswi, hata kama yanakuhusu wewe, hata kama yanakuuma. Watu wangapi kawaonya kwa hilo? Kidole kikarudi mapajani.

"Hilo la mwisho," akasema polepole. "Chanzo?"

Nikafungua mdomo, nikamuonesha pengo.

Akalitazama muda mrefu, kama anavyotazama ukurasa kabla ya kuufunga. Kisha akaisukuma sahani mpaka ikanigusa goti.

"Chanzo kimoja hakitoshi," akasema. "Kula."